Kapitula Amefika Kabla ya Treni

Kamina, Jumanne, tarehe 14 Septemba 1954

Joto limekaza tangu asubuhi. Moshi wa majani yanayochomwa porini umefunika mji, jua ni jekundu kama kifungo cha shaba, na mvua bado inatuchezea. Miguu yangu ina vumbi la Luena. Mashine ya kushonea sijaifungua. Nguo nne za wateja zinasubiri mezani, na mimi nimekaa kitini hapa nje, natazama ndege.

Natazama ndege. Mimi.

Niandike kwa utaratibu, maana nikiacha mpaka kesho nitaanza kujidanganya.

Njiwa huyu anaitwa Kapitula, kwa sababu manyoya yake yanashuka miguuni mpaka vidoleni, kama askari wa Base, kambi ya jeshi la Wabelgiji hapa Kamina, aliyepewa kapitula ya mtu mrefu. Jina alilitoa binti yangu Ngoie, enzi hizo akikaa hapa, akinisaidia kuweka vifungo na kukunja pindo. Walikuwa njiwa wawili. Wa kike alichukuliwa na mwewe. Halafu Ngoie naye akaolewa, akaenda Luena, na Kapitula akabaki mikononi mwangu bila mtu kuniuliza kama namtaka.

Miaka miwili na miezi mitatu. Anayesema ndege hana gharama aje nimwonyeshe. Kikombe kimoja cha mahindi kila siku nne, tena yapondwe kwanza, maana punje kubwa bwana huyu anazitema. Hivyo ni vikombe mia mbili na vitano. Maji kila asubuhi, na si ya kunywa tu, anataka na ya kuoga. Nyumba yake ni sanduku la sabuni nililolipandisha juu ya nguzo, na nguzo nimeizungushia bati ili nyoka na paka wateleze. Kila Jumamosi napanda ngazi kukwangua mavi. Siku moja aliichafua suruali nyeupe ya karani wa stesheni, imeshapigwa pasi tayari. Niliifua upya kwa sabuni yangu, nikaipiga pasi kwa makaa yangu, na karani bado alinuna. Nilipougua homa mwezi wa pili, nilijikokota kumwekea maji kabla sijatafuta ya kwangu.

Hakuna aliyenishukuru. Kazi hii niliianza na sindano moja na mkasi wa kuazima, sikupewa kitu na mtu. Leo namlisha ndege asiyetaga, asiyewinda, na asiyeliwa kwa sababu ana jina.

Mimi na Ngoie tulikuwa hatusemezani. Na hilo niliandike. Mume wake, Chimanga, ni mtu wa Kasai, anachimba makaa ya mawe. Siku alipokuja kumchukua nilisema mbele ya watu wote kwamba mikono niliyoifundisha sindano inakwenda kufua masizi, na kwamba mguu wangu hautakanyaga nyumba hiyo. Mama yake angekuwa hai angenifunga mdomo. Ngoie alimuaga Kapitula, akaenda kupanda treni.

Neno langu nikalishika. Mimi nalishika neno langu, hata likiwa la kijinga.

Mwezi uliopita akatuma ujumbe kupitia kondakta wa treni: anamtaka njiwa wake. Tena nisimpe mtu yeyote ampeleke, watamwua kwa kiu njiani. Nilikasirika siku tatu. Miaka miwili haulizi habari za baba, leo anauliza za ndege. Lakini hesabu ilikuwa upande wake. Vikombe mia mbili na vitano vya mahindi, halafu nimkabidhi mtu atakayemsahau juani?

Nikakata tiketi.

Juzi Jumapili nilimtia kikapuni, nikamfunika kwa kitambaa cheusi, nikafunga vifundo saba vya fundi, vile ambavyo hata ukivuta havifunguki mpaka ujue uzi unaanzia wapi. Njia nzima hakuona kitu.

Luena nilipotea. Kutoka stesheni mpaka kambi ya wachimbaji ni hatua mia nne tu, nilizihesabu baadaye, na nilipotea mara mbili. Nyumba ya Ngoie ni safi kuliko yangu. Chimanga alitoka kazini ameshaoga, akainama, akapiga makofi kama inavyopaswa mbele ya baba mkwe, akaniita tata, yaani baba. Ngoie anawashonea majirani kwa mkono. Nilizikagua pindo zake zote nikitafuta kosa. Sikupata.

Tulizungumza habari za Kapitula tu. Anakula nini, anaoga lini, bawa la kushoto lilipona vipi. Siku nzima ya jana, ndege tu. Yale mengine yalikaa katikati yetu kama mgeni ambaye hakuna aliyempa kiti.

Leo asubuhi alinisindikiza stesheni, kikapu mkononi, nilichokifunga tena vilevile baada ya Kapitula kula na kunywa. Nilimwagiza amfungie Kapitula ndani mwezi mzima mpaka apazoee. Akaitika. Akaniuliza treni inafika Kamina saa ngapi. Nikamwambia saa nane.

"Haya, baba," akasema. "Ufike muzuri. Na ile ngazi uiangalie, mguu moya iko nalegea tangu zamani."

Treni iliondoka saa moja kamili, ikafika hapa saa nane na dakika kumi. Jirani yangu Mama Mwadi alikuwa anatwanga mihogo. Hata salamu hakunipa, alinyoosha mchi kuelekea sanduku la sabuni.

"Tata, ulienda kuuzisha nini kule Luena? Mali yako imekutangulia. Weye unalipa treni, yeye iko napita bule."

Kapitula alikuwa amesimama kwenye karai lake la kuogea, kavu, ananitazama kama bwana mkubwa aliyecheleweshewa chai.

Nilimwuliza Mama Mwadi njiwa alifika saa ngapi. Anaapa kwamba alitua wakati kengele ya mapumziko inalia kwenye shule ya mapadri. Hiyo ni saa tatu na nusu.

Nikachukua chaki ya kukatia nguo, nikaandika mezani. Treni: saa saba na dakika kumi. Njiwa: saa mbili na nusu, hata tukisema aliachiwa palepale treni ilipopiga honi. Nikafuta, nikahesabu tena.

Ni ileile.

Mimi naamini kipimo. Huyu kipimo chake alikipata wapi? Alisafirishwa gizani, ndani ya kikapu, chini ya kitambaa. Hakuona mto, hakuona kilima, hakuona hata reli. Mimi nina macho, nina mdomo wa kuuliza, nikapotea hatua mia nne. Yeye amepanda juu ya moshi huu wote na kulitafuta sanduku moja la sabuni katika Kamina nzima. Nilivua kofia. Hapakuwa na mtu wa kumvulia, lakini niliivua.

Halafu hesabu ikanionyesha jambo la pili.

Ili afike saa tatu na nusu, kikapu kilifunguliwa moshi wa treni yangu ukiwa bado unaonekana. Vifundo saba. Nilipanda ngazi, nikamshika, nikapapasa kwenye manyoya ya mguu. Kuna uzi mwekundu, umefungwa kwa kifundo cha fundi, ncha zimekatwa safi. Kifundo hicho nilimfundisha Ngoie mwenyewe akiwa na miaka tisa.

Kwanza nilitaka kukasirika, ndiyo mazoea yangu. Nimelipa tiketi, nimekula vumbi, naye amemrudisha siku hiyohiyo. Nikaanza kushuka, na ngazi ikayumba chini yangu.

Asubuhi Ngoie aliniambia niiangalie ngazi. Ngazi ya nini, kama njiwa angebaki Luena?

Hakuwa na haja ya njiwa. Alikuwa anatafuta kitu ambacho baba yake hawezi kumpa mtu mwingine akipeleke, ila aje nacho mwenyewe. Akakipata, akakiangalia siku moja na nusu, kisha akanirudishia ili kiwepo cha kupeleka tena. Mtoto huyu nilidhani nimemfundisha kushona tu.

Ngazi nimeipigilia misumari miwili. Maji nimeweka, na Kapitula ameyaoga yote, hakubakisha ya kunywa. Nimenunua vikombe viwili vya mahindi, kimoja kitabaki Luena. Jumapili ijayo kuna treni, na kikapu nimekiweka karibu na mlango. Safari hii kifundo kimoja kinatosha.

Ninachojiuliza ni kimoja: nikishuka pale Luena, nianze na habari za Kapitula, au nianze na lile neno nililolisema mbele ya watu?