Kila Alfajiri Kibo

Shoga yangu Kulu, nakuandikia nikiwa na hasira!

Bashiri wangu amerudi leo kutoka Kilimanjaro, alikokwenda kumbebea Mjerumani mizigo. Nikamuuliza, mume wangu, kipupwe hiki kileleni kukoje?

"Theluji hadi magotini," anasema. "Bahati nzuri, Ndeshi alikuwa anatutabiria hali ya hewa. Wingu likifunika Kibo alfajiri, siku hiyo hatupandi."

Ndeshi! Ndeshi ndiye nani?

"Mjane tu wa Kichaga. Kila alfajiri ananionyesha wingu."

Alfajiri, Kulu! KILA alfajiri! Na kabla ya alfajiri walikuwa wanaangalia nini?

Sasa anatafuta blanketi. Nimelikalia.

Nimemwambia hata mimi najua kutabiri: usiku huu Dodoma baridi kali, hasa barazani, utakakolala wewe.