Nimeruhusiwa Kusafiri Peke Yangu, na Hilo Ndilo Linaloniogopesha

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo nyumbani siwezi kulisema. Nimemaliza shule juzijuzi, na ni mtu wa aibu sana, hata dukani husubiri wateja wote waondoke ndipo niombe sabuni. Tangu nikiwa darasani nilikuwa napanga safari ya mwezi mzima peke yangu, kwa baiskeli hadi milimani, kisha kupanda kwa miguu na kulala kwenye hema, nikamwambia mama nikiwa na uhakika kwamba atakataa na mimi nitabaki binti aliyetaka kwenda akazuiwa, lakini mama, ambaye ni fundi cherehani, aliacha kukanyaga mashine akaniuliza, "Unaondoka lini?" na tangu hapo amenishonea mifuko ya kufunga kwenye baiskeli, mjomba amebadilisha breki na mnyororo, na kaka yangu ananiita Waziri wa Mambo ya Nje.

Wiki iliyopita nilikwenda kujaribu usiku mmoja. Baiskeli haikunishinda, kilima nilikipanda, hema nalijua. Shida ilikuwa pa kulala, maana sharti la mama ni kwamba nisilale porini, niombe kupiga hema kwenye ua wa watu. Basi nikasimama nje ya geti la nyumba moja nikijifanya nakagua tairi, mpaka mwenye nyumba akatoka mwenyewe.

"Binti, unauza nini?"

"Siuzi, mama. Naomba maji."

Akatazama chupa mbili zilizojaa kwenye baiskeli yangu. "Na hayo je?"

"Ya akiba."

Akaniletea kikombe, nikanywa chote na kiu sina, nikashukuru, nikageuza baiskeli.

Nilipoona taa ya kwetu nilishusha pumzi, mshauri, nikalala usingizi mtamu ajabu, na ndipo hofu ikaniingia kwamba pengine mimi si mtu wa safari. Mama nimemwambia nilirudishwa na mvua, naye sasa ananishonea turubai. Niende, au nimwambie siendi?

Mwenye Hema

*

Marahaba, binti yangu. Uliposema jambo hili haliwezi kusemwa nyumbani, nilijiandaa kwa makubwa. Nimefurahi kukuta ni hema na kikombe cha maji.

Furaha ya kuiona taa ya kwenu haikuondoi kwenye safari. Hata madereva wa malori, waliozeekea barabarani, hufurahi wakifika kwao. Kilichokushinda ni kuomba, na kuomba mtu hujifunza kama ulivyojifunza baiskeli, kwa kuanguka mbele za watu.

Lakini nikukaripie kidogo. Unamwacha mama yako ashone turubai kwa mvua ambayo haikunyesha? Mwambie leo, akiwa kwenye mashine, macho yake yakiwa kwenye kitambaa, itakuwa rahisi kwako. Mama aliyekuruhusu kwa swali moja hatakulazimisha uende.

Kisha punguza safari. Mwezi ni mrefu mno kwa kuanzia, chukua siku chache. Siku za kwanza lala kwa ndugu na marafiki wa mama, wapigiwe simu mapema, na usiku wa mwisho tu uombe mwenyewe. Fika jua likiwa bado juu, chagua nyumba yenye mama na watoto, na mpigie mama yako kumwambia uko wapi kabla hujafungua hema. Salimia, sema unatoka wapi na unakwenda wapi, omba nafasi ya usiku mmoja. Wakikataa, shukuru uende nyumba ya pili. Hawakujui, kwa hiyo hawajakukataa wewe.

Ukirudi na bado huitaki milima, iache, hakuna atakayekudai maelezo. Lakini usiamue kabla hujaomba mara moja kwa sauti. Piga hodi mguu mmoja ukiwa bado kwenye pedali, kabla aibu haijakufikia.