Buti za Mama

Lom, Norwe
14 Julai 2019

Mpendwa Mama Mdogo Sunniva,

Shikamoo. Hujambo huko Kanada? Na goti lako je, limepata nafuu? Sisi wazima, ila Mama hashikiki kwa furaha. Naandika haraka kabla hajakupigia simu akaniharibia habari.

Unakumbuka mwaka jana alivyorudi nusu njia? Viatu viliingiza maji pale kijitoni, vidole vyake vilivyofanyiwa upasuaji vikachubuka, akakaa juu ya jiwe akalia. "Basi," akasema, "mlima sipandi tena." Tangu siku ile hakutaka hata kuutazama dirishani.

Mwezi Mei nikamburuta hadi kwenye duka la viatu la Gudveig. Tulikwenda jioni makusudi, maana mguu ukishinda umesimama huvimba, na kiatu kinachokutosha asubuhi hukubana baadaye. Mama akadaka jozi nyekundu.

"Hizo nzuri za kupigia picha," Gudveig akamwambia. "Vaa soksi za sufu, dada, uteremke hapa."

Ana ubao ulioinama kama mteremko. Vidole vikigonga mbele, kiatu hakikufai. Mama alijaribu jozi saba! Ya nane ilikuwa ya kahawia, pana mbele, imeshika kisigino vizuri, haipitishi maji. Akateremka, akapanda, akateremka tena. Mara: "Gudveig, vidole vyangu viko wapi? Sivisikii kabisa!"

Wiki tatu alizivaa nyumbani ili zilainike, hata akikanda unga. Alizivaa mpaka kanisani. Kasisi akazichungulia, akajizuia kucheka.

Jana Jumamosi tukaenda mlimani. Kwenye kijito nikampa mkono, akaukataa. Akasimama katikati, maji yakikaribia vifundo vya miguu, nami roho mkononi.

"Pakavu!" akapiga kelele. "Eldbjørg, ndani pakavu!" Kondoo wakatimua mbio.

Saa nane mchana tulikuwa kwenye kibanda cha wapandaji. Mama aliushika mlango kwa mikono yote miwili, akasimama hivyo kitambo. Kisha akamwomba mtunzaji vitanda viwili vya mwezi wa Agosti.

"Vya nani?" nikamuuliza.

"Changu na cha Sunniva."

"Lakini hujamuuliza!"

"Nimuulize nini? Si mdogo wangu?"

Basi, Mama Mdogo, jina lako limeshaandikwa, tarehe tisa. Kata tiketi.

Nisalimie Baba Mdogo Halvor na Ingunn. Mungu awalinde nyote, na wewe akufikishe kwetu salama.

Mwanao akupendaye sana,
Eldbjørg