Ombi la Joleen Skaar na Somo Lisilohesabiwa

CHUO CHA ZIWA TAMARACK
KAMATI YA MASOMO YA JUMLA

Kumbukumbu za kikao cha sita cha mwaka wa masomo 2013/2014, kilichofanyika Jumatano, tarehe 9 Aprili 2014, katika chumba namba 114, Jengo la Utawala.

WALIOHUDHURIA
Dkt. Lorraine Pfeiffer, Biolojia – Mwenyekiti
Prof. Halvor Brekke, Fasihi – Mjumbe
Dkt. Dwight Tolliver, Uchumi – Mjumbe
Bi. Nadine Cloutier, Hisabati – Mjumbe
Bi. Marlys Ostby, Ofisi ya Msajili – Katibu (hana kura)

WASIOHUDHURIA
Mkuu wa Taaluma (kwa udhuru, udhuru wenyewe haukutajwa)
Mwakilishi wa wanafunzi (bila taarifa, mara ya nne)

ALIYEITWA
Bi. Joleen Skaar, mwombaji. Alisubiri nje, kwenye benchi la ukumbini.

KUMB. NA. 1/6/2014: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa na dakika arobaini alasiri, baada ya kumsubiri Dkt. Tolliver kwa dakika kumi. Aliwaomba wajumbe wasirefushe maneno kwa kuwa theluji ilikuwa imeanza tena. Bi. Cloutier alisema theluji ya Aprili ni laana. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 2/6/2014: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Dkt. Tolliver alilalamika kwamba katika kumbukumbu za Machi ameandikwa kuwa "alifoka". Alitaka iandikwe "alifafanua". Prof. Brekke alisema, "Ulifoka, bwana. Mpaka mlinzi akaja kuchungulia." Baada ya mabishano iliamuliwa iandikwe "alisema kwa sauti". Katibu amerekebisha, ingawa siku hiyo naye alikuwepo na ana masikio. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/6/2014: UJIO WA WAKAGUZI
Mwenyekiti alikumbusha kwamba wakaguzi wa ithibati watafika Oktoba, na kwamba hawatahangaika na majengo wala maktaba. Watafungua majalada ya wanafunzi walioruhusiwa kuhitimu kinyume cha kanuni, moja baada ya jingine. Ukaguzi uliopita walikuta thelathini na moja, na chuo kikawekwa chini ya uangalizi kwa miaka miwili. Mwenyekiti alisema, "Yale sitaki kuyapitia tena. Yalinizeesha." Wajumbe waliafiki.

KUMB. NA. 4/6/2014: OMBI LA BI. JOLEEN SKAAR
4.1 Katibu alieleza ombi. Kila mwanafunzi wa chuo hiki, awe anasomea uhasibu au uuguzi, hapati shahada mpaka achukue angalau somo moja kutoka kila kundi la Masomo ya Jumla. Makundi ni saba. Bi. Skaar ana makundi sita. La saba, Tamaduni za Dunia, kompyuta inasema hana.

4.2 Bi. Skaar ana umri wa miaka arobaini na saba. Anapika katika shule ya msingi ya hapa mjini, na wajumbe watatu kati ya wanne watoto wao wamekula chakula chake. Alianza kusomea ualimu Septemba 2006, akisoma jioni, Jumanne na Alhamisi, baada ya kuosha masufuria. Masomo yake yote ameyachagua hivyo: si analolipenda bali lililopo jioni. Shule imemwekea darasa la kwanza, nafasi iliyoachwa na mwalimu anayestaafu, kwa sharti kwamba awe na shahada ifikapo tarehe 30 Juni. Asipokuwa nayo, nafasi inatangazwa.

4.3 Somo alilochukua kwa ajili ya kundi la saba ni Hadithi za Kale za Wanorwe, linalofundishwa na Prof. Brekke Alhamisi jioni. Alianza Septemba iliyopita, akapata alama ya juu kuliko wote darasani. Somo hilo lilikuwa katika kundi la Tamaduni za Dunia kwa miaka ishirini na mbili. Kamati hii ililiondoa mwaka 2011 kwa hoja ya Dkt. Tolliver kwamba nusu ya wanafunzi wetu ni wajukuu wa Wanorwe, kwa hiyo kuwafundisha mambo ya babu zao si kuwaonyesha dunia. Somo lililoingizwa badala yake ni Uchumi wa Nchi Zinazoendelea. Analifundisha Dkt. Tolliver.

4.4 Mwanafunzi hufuata orodha ya masomo ya mwaka alioanza. Bi. Skaar alianza 2006, na kwa orodha ya 2006 somo lake linahesabiwa. Lakini alisimama mihula mitatu, kuanzia 2010, akimuuguza mumewe, Duane, hadi alipomzika. Kanuni inasema anayekosekana zaidi ya mwaka mmoja, akirudi anafuata orodha mpya. Alirudi Januari 2012. Kwa orodha mpya somo lake halihesabiwi. Anaomba ahukumiwe kwa orodha ya zamani.

4.5 Bi. Cloutier aliuliza ni nani aliyemwambia achukue somo hilo. Prof. Brekke alisema, "Mimi."

4.6 Prof. Brekke alieleza kwamba yeye ndiye mshauri wa masomo wa Bi. Skaar tangu siku ya kwanza. Kama afanyavyo kwa wanafunzi wake wote, alimketisha, akammiminia kahawa, akatoa karatasi ya makundi saba na kuweka alama ya vema kwa penseli. Alipotakiwa aionyeshe karatasi hiyo aliitoa mkobani. Ni ile iliyochapwa mwaka 2004. Bado anaitolea nakala.

4.7 Dkt. Tolliver alisema kwa sauti, "Halvor, miaka mitatu! Kwenye kamati hii unakaa wewe mwenyewe. Siku tunaliondoa ulikuwa umeketi hapo hapo ulipo!" Prof. Brekke alijibu kwamba alikuwepo, alipinga, na bado anapinga. Alisema karatasi ya 2004 ni sahihi na iliyokosea ni kamati.

4.8 Dkt. Tolliver aliuliza kama ni kweli kwamba somo lisilofikisha wanafunzi wanane linafutwa. Katibu alijibu kuwa ni kweli. Aliuliza Septemba iliyopita Hadithi za Kale lilikuwa na wangapi. Katibu alijibu wanane. Dkt. Tolliver alisema, "Basi huyo mama wa watu alikuwa wa nane. Ulimtafutia shahada au ulilitafutia darasa lako mtu?"

4.9 Prof. Brekke alisimama. Alisema maneno ambayo Mwenyekiti ameagiza yasiandikwe. Kisha aliketi na kusema kwa sauti ya chini, "Nilimpa somo bora kuliko yote niliyo nayo. Nilidhani mtalirudisha. Kila mwaka nilidhani mtalirudisha."

4.10 Mwenyekiti aliuliza ilikuwaje kompyuta ijue na watu wasijue. Katibu alieleza kwamba Ofisi ya Msajili iliona kasoro hiyo tarehe 19 Septemba, muhula ukiwa katika wiki ya tatu, na siku hiyo hiyo ikamwandikia mshauri barua pepe. Prof. Brekke alisema hasomi barua pepe mpaka zichapwe, na tangu Agosti hakuna wa kumchapia. Hili linajulikana chuo kizima. Katibu alilijua. Ofisi ya Prof. Brekke inatazamana na ya Katibu, hatua kumi na nane. Katibu angeweza kuvuka akabisha hodi. Hakuvuka, kwa kuwa siku hizo walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya jambo la funguo za ukumbi, jambo la kipuuzi. Mwenyekiti alisema haya si lazima yaingie kwenye kumbukumbu. Yameingia.

4.11 Bi. Skaar alikuja kuligundua Februari alipojaza fomu ya kuhitimu, na hapo masomo ya muhula yalikuwa yamekwisha kuanza. Bi. Cloutier aliuliza kama hawezi kuchukua somo jingine upesi. Katibu alijibu kwamba kiangazi hakuna somo la kundi hilo. Chuo kingine haruhusiwi, kwani masomo ya mwaka wa mwisho lazima yachukuliwe hapa. Vuli yapo matatu, likiwemo la Dkt. Tolliver, yote asubuhi, na asubuhi Bi. Skaar yuko jikoni. La jioni lipo Januari ijayo.
Bi. Cloutier: "Yaani tumemwekea mlango halafu tukaufunga kwa ndani."
Dkt. Tolliver: "Saa za vipindi sipangi mimi."
Bi. Cloutier: "Hapana, wewe hupangi kitu. Hapa hakuna anayepanga kitu."

4.12 Bi. Cloutier aliisihi kamati imkubalie. Alisema mama huyu hakuacha chuo kwenda kutalii, alikuwa akimgeuza mumewe kitandani. "Kosa ni letu, aadhibiwe yeye? Hivi tuna haya kweli?"

4.13 Mwenyekiti aliomba asikilizwe. Alisema mwaka jana kamati hii ilipokea ombi la Kaylee Drummond, umri miaka ishirini na mmoja, aliyekosekana mihula mitatu kwa sababu ya kuzaa mtoto asiye na afya. Ombi lilikuwa lile lile, kanuni ile ile. Alinyimwa. Bi. Cloutier naye alimnyima. Barua aliiandika Katibu. Msichana hakurudi tena.
"Yule hatukumjua," alisema Mwenyekiti. "Alitoka kule migodini, hakuna aliyewahi kula chakula chake. Huyu tunamjua, mume wake tulimzika sote, basi tunatafuta njia. Kaylee akisikia, tutamwambia nini? Kwamba kanuni ni ya wageni?"
Bi. Cloutier alisema labda Kaylee naye aitwe arudishiwe haki yake. Dkt. Tolliver alisema, "Na wakaguzi tuwaandalie kiti karibu na kabati la majalada." Bi. Cloutier alimwambia anyamaze. Dkt. Tolliver alinyamaza, jambo ambalo Katibu hajaliona tangu ameanza kazi.

KUMB. NA. 5/6/2014: KURA
5.1 Dkt. Tolliver aliomba mwongozo kama mjumbe ambaye ni mshauri wa mwombaji, na tena ndiye mwalimu wa somo linalobishaniwa, anaweza kupiga kura. Katibu alisoma kanuni. Hawezi. Prof. Brekke alisema, "Marlys, isome tena." Katibu aliisoma tena. Ilikuwa vile vile.

5.2 Waliokubali ombi: mmoja (Bi. Cloutier). Waliokataa: mmoja (Dkt. Tolliver). Kura zikiwa sawa, uamuzi ni wa Mwenyekiti, na desturi ya chuo ni kwamba kura ya Mwenyekiti huyaacha mambo yalivyo.

5.3 Mwenyekiti alitazama dirishani. Alisema, "Sikumpa Kaylee." Alikataa. Ombi limekataliwa.

5.4 Prof. Brekke aliomba iandikwe kwamba kama angekuwa na kura, ombi lingepita. Imeandikwa.

KUMB. NA. 6/6/2014: KUMJULISHA MWOMBAJI
6.1 Bi. Skaar aliitwa ndani saa kumi na moja kasorobo. Alikuwa bado na aproni chini ya koti. Alikataa kiti, akasema amekaa vya kutosha.

6.2 Mwenyekiti alimweleza uamuzi. Bi. Skaar aliuliza kama kuna mahali pa kukata rufaa. Mwenyekiti alisema rufaa hupelekwa kwa Mkuu wa Taaluma, na Mkuu wa Taaluma huirudisha kwenye kamati hii. Bi. Skaar alisema, "Haya."

6.3 Prof. Brekke alijaribu kuomba radhi. Alisema, "Joleen, mimi ndiye niliyeweka ile vema." Bi. Skaar alimjibu, "Najua, Profesa. Ninayo ile karatasi, nimeibandika kwenye friji." Kisha akasema, "Lile somo lilikuwa zuri. Duane angelipenda." Prof. Brekke alitoa leso. Dkt. Tolliver alitazama meza.

6.4 Dkt. Tolliver alisema kwamba vuli somo lake lina nafasi na kwamba yeye mwenyewe atamwandikisha. Bi. Skaar alimuuliza ni saa ngapi. Alijibu saa nne asubuhi. Bi. Skaar alisema, "Saa nne nakaanga, Daktari. Mwanao Brandon ndiye wa kwanza kwenye foleni."

6.5 Prof. Brekke alipendekeza kwamba, kwa kuwa kanuni inamruhusu mwanafunzi aliyebakiza somo moja kushiriki mahafali ya tarehe 17 Mei, Bi. Skaar apewe ruhusa hiyo. Atavaa joho, ataitwa jina, atapanda jukwaani, atapewa mkono na jalada la shahada kama wenzake. Jalada litakuwa tupu, lakini kutoka kwenye viti hakuna atakayejua. Pendekezo lilikubaliwa na wajumbe wote, akiwemo Dkt. Tolliver. Ni jambo la kwanza kamati hii kukubaliana kwa kauli moja mwaka huu. Mwenyekiti alionekana kupata nafuu. Bi. Cloutier alisema, "Angalau hilo."

6.6 Bi. Skaar aliwashukuru wajumbe. Alisema hataweza.
Mwenyekiti alimsihi asiamue kwa hasira. Bi. Skaar alisema hana hasira. Alisema mama yake anakuja siku hiyo kutoka nyumba ya wazee, ana miaka themanini na mitatu, shule aliachia darasa la nane, na tangu Krismasi anamwambia kila muuguzi kwamba binti yake ana shahada. Atawekwa mstari wa mbele na kiti chake cha magurudumu.
"Nikishuka tu jukwaani atanyoosha mkono nimpe jalada," alisema Bi. Skaar. "Na mama yangu atalifungua."

6.7 Bi. Skaar alifunga vifungo vya koti, akawatakia jioni njema, akatoka. Mlango aliufunga taratibu.

KUMB. NA. 7/6/2014: KUFUNGA KIKAO
Mengineyo hayakuwepo. Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na moja na dakika tano jioni. Wajumbe waliendelea kukaa.

L. Pfeiffer
Mwenyekiti

M. Ostby
Katibu