Maji ya Kuoshea Baiskeli

Kwale, 14 Machi 1955

Mpwa wangu Iddi,

Salamu kwako, kwa mama yako na kwa mkeo Esha. Natumai nyote ni wazima. Mimi ni mzima nusu.

Baiskeli imenivunjikia Ijumaa iliyopita, asubuhi, siku ileile niliyoichukua kwako niende nayo Matuga. Katikati ya mteremko uma wa mbele ulikatika. Mimi nikalala chini, gurudumu likaendelea na safari peke yake mpaka kwenye mihogo ya watu. Kiwiko cha kushoto kimevimba, kanzu navalishwa kama mtoto.

Nzai fundi aliugonga ule uma kwa nyundo, ndani ukatoka unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Akaniuliza mbele ya watu, "Mzee Chande, chombo hiki kilikuwa kikilala baharini?" Wakacheka.

Iddi, nilipokupa baiskeli hiyo uniletee samaki kutoka Diani, nilikupa na sharti moja tu: ioshwe kila jioni, kwa maji tele, mpaka kwenye kona zake. Maji ya samaki hudondoka kutoka kwenye tenga, na hayo hula chuma. Biashara hii niliianza na tenga kichwani, hakuna aliyenishika mkono. Baiskeli nilipoinunua niliiosha kila jioni miaka sita, haikuota kutu hata kwenye kengele. Kwako imekaa mwaka na nusu. Basi niambie: hukuiosha, au ulikuwa ukikata njia ufukweni?

Kaingu wa hapa jirani anaiomba. Itakapotengenezwa, anataka awe yeye wa kuchukua samaki. Sijamjibu.

Mjomba wako,
Chande


Diani, 17 Machi 1955

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Pole sana kwa kuanguka. Mama amelia, kisha amekupelekea mafuta ya kuchulia. Uyapashe moto kwanza. Sisi afya tunayo, usingizi ndio hatuna tangu barua yako ifike. Baiskeli hiyo ndiyo sufuria yetu. Akipewa Kaingu, mimi nitarudi kuomba kibarua cha kukata miwa Ramisi, na Esha ana mimba.

Mjomba, niliiosha. Kila jioni, ndoo mbili, kabla hata mimi mwenyewe sijaoga. Esha ni shahidi, ndiye aliyekuwa akiteka. Siku nilizokuwa na homa aliiosha yeye. Majirani wamenipa jina la Bwana Arusi, wanasema hawajaona chuma kinachoogeshwa kama hicho. Ufukweni sijapita hata mara moja.

Mpwa wako mtiifu,
Iddi


Kwale, 19 Machi 1955

Iddi,

Salamu. Mafuta yamefika, mkono sasa unakunjika. Mshukuru mama yako, na Esha apumzike, asibebe vizito.

Maneno yako ndiyo yasiyokunjika. Mimi nimeosha miaka sita nikabaki na chuma. Wewe umeosha mwaka na nusu ukanirudishia unga. Maji ni maji. Hesabu hii haitoki sawa ila mmoja wetu awe mwongo, na mimi uma ninao hapa mezani, naukodolea macho.

Jana Kaingu alikuja tena. Niambie ukweli nijue la kumwambia.

Mjomba wako,
Chande


Diani, 2 Aprili 1955

Mjomba,

Shikamoo. Natumai kiwiko kimepona. Huku ni wazima, alhamdulillahi.

Nimekawia kujibu kwa kuwa nilikuwa na hasira, na mtu hamwandikii mjomba wake akiwa na hasira. Nimengoja ipungue. Haikupungua sana.

Umeniita mwongo. Aliyekuletea barua hii, Mwinga, ana chupa pia. Ichukue uonje. Hayo ndiyo maji ya kisima chetu. Wewe huko mlimani unateka maji matamu ya mto. Sisi kisima chetu kiko karibu na bahari: chai haipikwi kwayo, sabuni haitoi povu, na ya kunywa Esha huyafuata mbali kwa mtungi. "Maji tele," uliniambia. Maji tele tuliyonayo ni hayo. Basi ndoo mbili kila jioni nimekuwa nikiitia baiskeli chumvi mpaka ndani ya mirija yake, kwa amri yako. Spoku zilipoanza wekundu nilidhani sijaosha vya kutosha, nikaongeza ndoo ya tatu.

Utauliza mbona sikusema. Mwaka jana nilikuambia tenga limezidi uzito, ukaniuliza, "Baiskeli ni ya nani?" Tangu hapo nikaosha, nikanyamaza.

Mpwa wako,
Iddi


Kwale, 5 Aprili 1955

Mpwa wangu Iddi,

Salamu kwenu nyote. Kiwiko kimepona, roho bado.

Maji nimeyaonja. Nzai naye ameyaonja, akatema, akasema hata punda angeyakataa. Neno la uongo nalifuta. Lakini wewe! Mwaka na nusu unaona chuma kinaiva kama papai, nawe umenyamaza kwa adabu? Adabu gani ya kumtupa mjomba mteremkoni? Mara moja nilikujibu vibaya, ukafunga kinywa siku zote. Ungekuja ukanigombeza, ningekasirika siku tatu nikabaki na uma wangu.

Sasa sikiliza. Uma mpya unafungwa Jumamosi, na Kaingu atafika siku hiyohiyo. Mimi nasema ioshwe kila siku. Nzai anasema kila siku ni kitambaa chenye unyevu wa maji matamu, kisha kikavu, na mafuta kwenye mnyororo, kuosha kwa ndoo iwe mara moja kwa juma. Tukibishana sisi wawili hapa Kwale haitasaidia. Anayelala na baiskeli huko ni wewe. Matuga, unakonishushia samaki, maji matamu yapo, ukishashusha tenga. Kama utayatumia au utamwongezea mke mwenye mimba mtungi mwingine, mimi sijui.

Nijibu: utaisafisha mara ngapi, kwa namna gani, na kwa maji ya wapi? Usiniandikie kwamba nitakavyo mimi ndivyo. Barua ya namna hiyo nitaichana. Nataka neno lako, hata likipinga langu, liwe mkononi mwangu Ijumaa kabla ya adhana ya adhuhuri. Likikosekana, Jumamosi baiskeli ni ya Kaingu.

Mjomba wako,
Chande