Gari Lililogeuzwa Nguzo

Jumatano, 1 Agosti 2018

Tarehe imepatikana! Jumamosi ya kumi na moja. Mwezi mwandamo, bamvua kubwa, maji yatapwa mpaka mchanga mgumu uonekane. Rafiki yangu Arlindo alikuja na jedwali lake la maji, tukalisoma jikoni vichwa vimegusana. Zulmira akapita na sufuria, akauliza kama hii ndiyo safari ile ile ya mwaka juzi. Nikasema ndiyo. Akasema basi hana haja ya kuharakisha kufua koti langu.

Acheke. Mke wangu amezoea kucheka, na kweli sababu anazo. Miaka thelathini tunaipanga safari hii. Kwanza ilikuwa vita. Halafu kazi, halafu magari mabovu, halafu wajukuu. Sasa Arlindo anahamia Ureno kwa binti yake, ndege ni tarehe ishirini. Tusipokwenda bamvua hii, hatuendi tena.

Njia ni moja tu. Kutoka hapa Tômbua, mji wa mwisho kusini mwa Angola, unaelekea kusini ufukweni, jangwa mkono wa kushoto, bahari mkono wa kulia, hadi mkabala wa kisiwa cha Baía dos Tigres. Huko ni samaki wa korvina tu na alama za nyayo za fisi. Ila kuna kipande ambapo vilima vya mchanga vinashuka mpaka majini. Maji yakipwa unapita chini yake. Yakijaa, njia hakuna, na gari lililokutwa humo linachukuliwa. Ndiyo maana mtu wa hapa hapiti na gari moja. Anapita na mawili, na moja lina kamba.

Arlindo atakwenda na kigari cha shemeji yake Quim, chepesi kama mbuzi. La kamba ni langu.

Ijumaa, 3 Agosti

Nimelala chini ya gari tangu asubuhi. Springi za nyuma zimeshika. Pampu ya upepo inafanya kazi — ikigoma unaipiga teke. Keria mpya nimeifunga juu, kamba ya kuvutia nimeizungusha humo. Madumu ya dizeli tayari. Turubai jipya pia, maana ukungu wa mwezi huu unalowesha mtu mpaka mifupa.

Baba Mkubwa Gaspar alitoka kwake — nyumba yake na yangu zina ua mmoja — akalizunguka gari na fimbo yake. Ni nahodha mstaafu wa boti za uvuvi, kule anakujua. Akagonga tairi moja moja. Akaniambia nisiuamini mchanga unaong'aa. Kisha akaomba sigara, ambayo daktari amemkataza. Nikampa. Tukavuta wawili, tumejibanza nyuma ya gari ili Mama Mkubwa asituone.

Jumatatu, 6 Agosti

Baba Mkubwa amefariki. Jana jioni. Alikaa kitini, akasinzia, basi.

Ua umejaa. Mama Mkubwa Deolinda ameketishwa mkekani chumbani kwake, shuka nyeusi, na hatatoka mpaka tuanue matanga. Msemaji wa ukoo sasa ni Baba Mdogo Firmino, mdogo wake marehemu. Sauti imemkauka kwa kulia na kwa kuamrisha.

Nimelia sana. Halafu, huku nalia, nikajikuta nahesabu. Amekufa Jumapili, siku ya saba ni Jumapili, na bamvua inafika hadi Jumanne. Bado tunaweza! Nikaona aibu papo hapo. Mtu hajazikwa, nami nahesabu maji.

Jumanne, 7 Agosti

Tumemzika. Jeneza limebebwa na gari langu, maana njia ya makaburini imefunikwa na mchanga. Halikunasa hata kidogo. Angefurahi.

Tuliporudi Firmino akaniambia niliingize gari uani, nyuma kabisa, karibu na ukuta. Nikatii bila kufikiri. Kumbe! Akaita vijana. Turubai langu likatolewa, likafungwa upande mmoja kwenye paa la jikoni na upande wa pili kwenye keria yangu. Kwa kamba yangu. Wakakaza. Nguzo hazikupatikana, alisema, na upepo wa hapa unataka kitu kizito.

Gari langu limekuwa nguzo ya matanga. Chini ya turubai wamejaa waombolezaji. Mbele ya boneti wamepanga masufuria. Siwezi kulisogeza hata unyayo.

Jumatano, 8 Agosti

Wamekula dagaa wangu wote wa makopo. Biskuti pia. Boksi la barafu, lililokuwa la korvina, limejaa soda. Dizeli inaingia kwenye jenereta, dumu baada ya dumu. Shemeji fulani wa Lubango analala kwenye kiti changu cha mbele. Amekilaza vizuri. Asubuhi aliniuliza kama nina mto.

Niseme nini? Nikifungua mdomo nitakuwa yule aliyemnyima maiti. Nikamtazama Zulmira aliyekuwa akisonga funji kwenye sufuria kubwa. Ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Si kilio kile, namjua.

Nimenaswa ndani ya ua wangu mwenyewe.

Alhamisi, 9 Agosti

Firmino ametangaza. Abílio, mtoto wa kwanza wa marehemu, hawezi kufika kutoka Luanda kabla ya Jumatano ijayo. Kwa hiyo hatuanui Jumapili. Tutaanua Alhamisi. Bamvua itakuwa imekwisha, maji mafu yameanza, kule chini ya vilima hapapitiki.

Nikamfuata pembeni. Nikamwomba tubadilishe nguzo tu, mbao nitatafuta mimi. Akanitazama kwa macho yake mekundu. Akasema kivuli cha waombolezaji hakishushwi katikati ya matanga, ni sawa na kumfukuza marehemu. Kisha akasema Gaspar ndiye aliyenifundisha kufunga ndoano, leo namfanyia choyo ya gari. Ni kweli alinifundisha. Na Firmino hajalala tangu Jumapili, hilo nalo naliona.

Alasiri nikampelekea Mama Mkubwa chai. Kwa mara ya kwanza alikuwa peke yake. Ameinua miguu yote miwili, imevimba kwa kukaa.

"Lile gari ulilitengeneza la kwenda wapi, mwanangu?"

Nikamwambia. Akanywa chai. Halafu akasema marehemu alikuwa akienda kule kila mwaka, na yeye kila mwaka alikuwa akiomba apelekwe. Akiambiwa kule hakuna kitu. Mchanga na mifupa ya nyangumi. Upande wa kusini hajawahi kupita nyumba za mwisho za mji huu, na amezaliwa hapa hapa.

"Mtu haendi mahali pasipo na kitu miaka yote ile," akasema.

Wanawake wakaingia. Ikabidi aishushe miguu na kuanza kulia upya.

Ijumaa, 10 Agosti

Arlindo amekuja. Alikaa kwanza na wacheza karata, kwa heshima ya msiba, akafungwa mara tatu. Ndipo tukasimama kando ya gari.

Anakwenda kesho. Na Quim, na kigari chao. Peke yao.

Nikasema, "Gari moja, Arlindo? Si wewe uliyekuwa ukinikataza?"

"Jumapili ya tarehe kumi na tisa nafunga masanduku, ndugu yangu. Unataka nikafie Ureno natazama mvua dirishani?"

Nikamwambia angoje. Angoje nini, akaniuliza. Anasema watarudi Jumapili maji yakipwa, korvina wa kwanza ni wangu. Wamechukua maji ya siku mbili, niliwaongezea dumu la mwisho la dizeli nililobaki nalo. Nikamwambia asiuamini mchanga unaong'aa. Akasema asiporudi Jumapili, basi mimi na kamba yangu.

Akainua macho kuitazama kamba. Nami nikaitazama. Imekazwa juu ya vichwa vya watu, na mtu ametundika koti lake hapo. Tulicheka mpaka Firmino akageuka.

Jumamosi, 11 Agosti

Wamepita asubuhi. Walipiga honi nje ya ukuta, taratibu, kwa sababu ya msiba. Sikutoka. Nilikuwa nakata vitunguu.

Jumapili, 12 Agosti

Misa ya siku ya saba. Padri alisema maneno mazuri, sikuyasikia. Nilikuwa nawaza maji. Sasa yanapwa. Sasa yamesimama. Sasa yanajaa.

Hawajarudi.

Nilitoka mara mbili hadi mwisho wa mji. Hakuna alama za tairi zinazorudi, za kwenda tu, na zenyewe upepo unazifuta. Firmino akasema watu wakipata samaki husahau siku. Labda. Arlindo ninayemjua mimi hasahau saa ya maji hata akiwa amelewa.

Zulmira hacheki tena. Amefua lile koti langu. Nimelikuta limetundikwa mlangoni.

Jumatatu, 13 Agosti

Naandika garini, daftari juu ya usukani. Heri niandike kuliko nikunje ngumi.

Mchana huu boti imeingia bandarini. Nahodha amekuja mwenyewe hadi kwenye ua, kofia mkononi. Wamekiona kigari cheupe chini ya vilima, kile kipande chenyewe, pua imezama mchangani. Watu wawili juu ya mteremko wanapunga shati. Mawimbi yaliwazuia kusogea. Wakati wanaondoka, maji yalikuwa yanafika kwenye milango ya gari.

Wazima. Wawili wote wazima! Lakini juu hawawezi kupanda, mchanga unaporomoka, na maji ya kunywa waliyobeba yalikwisha jana kwa vyovyote. Nimepiga simu mjini Moçâmedes kwa kila mtu ninayemjua. Gari la kufaa, wanasema, litapatikana kesho. Boti haitui pale. Maji yanapwa tena jioni hii. Ya kesho hayatapwa sana kama ya leo, wala ya keshokutwa kama ya kesho.

Nikaenda kwa Firmino. Sikumwita pembeni safari hii. Nikamweleza mbele ya watu wote. Alisikiliza hadi mwisho, akashika kichwa. Akasema waende vijana kwanza na boti ndogo. Nikamwambia hao vijana wa boti ndogo tutawazika Alhamisi tukianua matanga. Akasema watu watasema nini, kwamba tulimvua kaka yetu nguo kabla mwanawe hajafika? Alikuwa analia. Mimi pia. Hakuna aliyekuwa mbaya.

Nikapanda juu ya boneti na viatu vyangu. Nikaanza kufungua mafundo.

Yalikuwa yamelowa ukungu siku zote hizi, yamekaza kama chuma. Nilitumia meno. Zulmira akaja akaondoa masufuria, moja moja, kisha akamwamsha yule shemeji wa Lubango akamtoa na mto wake. Fundo la mwisho lilipoachia, turubai likashuka juu ya wacheza karata. Wakatoka chini yake wakitambaa. Jua la kijivu likawapiga kina mama usoni, wote wakafunga macho kwa pamoja.

Nikazungusha kamba kwenye keria. Nikaingia, nikawasha. Injini imeitikia mara ya kwanza. Ndipo Firmino akaja akasimama mbele ya boneti, mikono ameiweka juu yake.

Hajasogea mpaka sasa. Nyuma yake wazee wengine wamepanga mstari. Ameinama, simwoni usoni, naona mikono tu. Ina madoa yale yale aliyokuwa nayo Baba Mkubwa.

Kisha mlango wa nyumba ya Mama Mkubwa ukafunguliwa.

Alitoka mwenyewe. Shuka nyeusi, mkoba mkononi, ndala za chooni. Wanawake wawili walimshika, akawatazama, wakamwachia. Alitembea ukingoni mwa ukuta, polepole, miguu haijazoea. Alikanyaga turubai. Alipita kando ya Firmino bila kumgusa. Akafungua mlango wa upande wa abiria, akanikabidhi mkoba, akajivuta juu, akaketi. Mlango akaubamiza.

Nikamwambia huko si mahali pa mtu mzima. Usiku, baridi, mchanga, na pengine tusirudi leo.

"Na hapa?" akasema.

Nikamwambia Firmino hatatuachia. Akasema Firmino ni yeye aliyemfuta kamasi akiwa mdogo, atasogea. Ila hasogei. Kina mama wameanza kulia, sijui wanamlilia nani. Zulmira amesimama langoni, lango limefunguliwa pande zote mbili, koti langu liko mkononi mwake. Nje naiona barabara, ukungu unaanza kuingia kutoka baharini.

Nimeingiza gia. Nimekanyaga klachi. Mama Mkubwa ameuvuta mkanda wa kiti kutoka ubavuni mwake, anaugeuza huku na huku. Anauliza unafungwaje.