Hesabu ya Vikwembe

Jumatatu, 12 Mei

Zamu yangu ya kufagia darasa, tena. Sijamaliza, mutuelle, chama cha wanafunzi wa chuo, ikaingia wamevaa vikwembe vyao, vile vitambaa vya kijani. Wanatafuta sisi finalistes, wa mwaka wa mwisho. Paluku, président wao, akaandika ubaoni kwa Kifaransa: memba wetu wote wanapata diplome. Wote. Rafiki yangu Masika alipiga makofi wa kwanza.

Yaya yangu Kambale, mtoto mkubwa wa mama, alikuwa memba. Hakupata diplome. Alirudi Mbau wakati wa likizo kuvuna kakao, waasi wakamuua shambani. Paluku mwenyewe alibeba jeneza.

Nikafuta ubao. Mimi sisemagi kitu.

Jumanne, 13 Mei

Mama amesikia ile habari sokoni. Amefurahi. "Unaona kundi ya yaya yako? Hakuna mwenye kushindwa. Na wewe utaingia." Tangu matanga sikuona meno yake. Nimechukia ile hesabu ya "wote". Nimejichukia pia.

Alhamisi, 15 Mei

Nimezunguka na Masika kuuliza wenzake Kambale wa mutuelle. Mmoja anauza unités za simu karibu na rond-point. Mwingine, dada yake anasema amerudi Kipese kulima viazi. Wote wawili walirudisha kikwembe. Ndiyo desturi: ukiacha masomo, unarudisha. Siku ya fête ya diplome wanahesabu wenye kuvaa tu. Wote wana diplome, bien sûr.

Kikwembe cha Kambale tulimuzika nacho.

Masika amesema, "Donc unahesabu kuku jioni, unasema mwewe hapana kupita." Nilicheka. Kisha nikashindwa kula.

Ijumaa, 16 Mei

Mkutano wa mutuelle. Nilisimama.

"Na yaya yangu Kambale?"

Basi, ni hayo tu. Kijana mmoja nyuma: "Kumbe huyu naye ana mdomo." Wakacheka. Paluku hakucheka. "Mudogo, mufu hatumuhesabu. Ni kumuheshimu."

Nikasema heshima ile ni uongo. Mbele ya watu wote. Nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Jumapili, 18 Mei

Paluku alikuja kwetu kisha ya misa. Hakuvaa kijani. Akamwambia mama kila kitu: hawatasema tena wote. Watahesabu kila mtu aliyeingia, hata aliyeacha, hata aliyekufa.

Mama akauliza: "Sasa Kambale mumemuweka wapi?"

"Kati ya wale hawakumaliza, mama."

"Lakini hakushindwa."

Paluku aliangalia viatu vyake. Mama alimutilia chai, akamuuliza habari ya wazazi wake, akamusindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote.

Hesabu sasa ni ya kweli. Niliitaka mimi.

Mama amelala jua lingali juu. Hakuvua nguo za kanisa.